"Moyo Unaniuma": Msamiati wa Mgonjwa na Uamuzi wa Vipimo vya Moyo Machakos

Makala haya yanachunguza jinsi msamiati wa mgonjwa unavyoathiri uamuzi mmoja wa kitabibu: nani apelekwe kupigwa picha za moyo uliotiwa mkazo, na nani asipelekwe. Katika kipimo hicho, mgonjwa hutembezwa kwenye mashine ya mazoezi, au hudungwa dawa kama dobutamini, ili moyo upige kwa kasi. Kisha moyo hutazamwa kwa mawimbi ya sauti au kwa dawa yenye mnururisho ili ibainike iwapo ipo sehemu isiyopata damu ya kutosha.

Mgonjwa anayefika katika Hospitali ya Machakos ya Ngazi ya 5 na kusema "moyo unaniuma" bado hajamwambia daktari mengi. Katika Kiswahili moyo ni kiungo na pia makao ya hisia. Ndivyo lilivyo pia neno ngoo la Kikamba, lugha ambayo wengi wa wagonjwa hao huwazia kabla ya kutafsiri. Isitoshe, chembe cha moyo si sehemu ya moyo hata kidogo: ni pale chini ya kidari, mbavu zinapokutana. Anayekilalamikia huenda ana vidonda vya tumbo. Kiungulia hutokana na chakula. Kichomi huchoma mtu avutapo pumzi. Kiherehere ni mapigo ya haraka. Upambanuzi wote huu hupotea mhojaji mvivu anapoandika "maumivu ya kifua" kila mahali.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 1979, Diamond na Forrester walichapisha utaratibu wa kukadiria uwezekano wa ugonjwa wa ateri za moyo kwa kuzingatia umri, jinsia na aina ya maumivu. Maumivu yanayotiliwa shaka zaidi huwa nyuma ya kidari, huletwa na kazi ngumu au ghadhabu, na hutulia mtu akipumzika. Kwa hivyo, mkazi wa Vilima vya Mua hastahili kuulizwa "unaumwa wapi?" pekee, bali pia: "Mzee, huja unapopanda mlima? Ukisimama, hukoma?" Akikubali yote, kipimo kina hoja. Hata hivyo, ikiwa anaweza kutembea vyema na rekodi ya umeme wa moyo wake inasomeka, mazoezi bila picha huenda yakatosha. Picha zina manufaa zaidi kwa yule ambaye magoti hayamruhusu, au ambaye rekodi yake ina kasoro tangu awali.

Anayeumwa papo hapo huku akitokwa na jasho hatiwi mkazo wowote. Huyo ni wa dharura. Asiye na dalili wala hatari kubwa, naye, hakihitaji. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilitahadharisha dhidi ya kumpima mtu wa namna hiyo. Tatizo si gharama na safari ya kwenda Nairobi tu: jibu la uongo laweza kumfikisha mtu mzima wa afya kwenye kuingizwa mpira ndani ya ateri pasipo haja.

Hata madaktari wenyewe wamelazimika kurekebisha lugha yao. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 ulishauri istilahi ya maumivu "yasiyo ya kawaida" iachwe, kwa kuwa ilieleweka kama "yasiyo na madhara". Badala yake yaitwe ya moyo, yanayoweza kuwa ya moyo, au yasiyo ya moyo.

Kiswahili nacho kina deni lake. Baadhi ya watu husema "kipimo cha msongo". Mama akiambiwa hivyo atadhani anaulizwa habari za msongo wa mawazo nyumbani kwake. Mkazo unafaa zaidi, ingawa nao unahitaji maelezo: "Mama, tutautazama moyo wako ukiwa kazini." Hapo atajua hata aje na viatu gani.