Somo: Jirani Anayenyamaza

Clarkston ni mji mdogo kando ya Atlanta, nchini Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wasiofika 15,000, lakini tangu miaka ya 1980 mji huo umepokea wakimbizi wa mataifa mengi: Vietnam, Bosnia, Somalia, Bhutan na Kongo. Kiswahili nacho husikika humo.

Tunajifunza nini? Aliyekimbia bunduki kwao hamwamini askari wa ugenini kwa siku moja. Akiibiwa hunyamaza, na mwizi hurudi. Mpakani kwetu ni vivyo hivyo. Basi tumsindikize jirani kituoni, tumtafsirie, na sisi polisi tuandike maelezo yake kama alivyoyatoa.

Tujadiliane: mtaani kwetu ni nani anayenyamaza, na kwa nini?