Akianguka Mtu Mbele Yako

Makovu ya moto ni ya kawaida mno kwa watu wenye kifafa vijijini kwetu. Mgonjwa huangukia mafiga, na waliokuwapo hurudi nyuma kwa kuogopa povu la mdomoni. Daktari Louise Jilek-Aall aliyetibu kifafa huko Mahenge, Tanzania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliikuta hofu hiyo. Basi lishike hili kabla ya mengine yote: kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana. Umeme wa ubongo huvurugika kwa muda. Chanzo huenda ni jeraha la kichwa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani au mabuu ya tegu wa nguruwe. Mara nyingi hakijulikani.

Akianguka, tazama saa. Mtoe haraka kama yuko motoni, majini au barabarani. Kwingineko mwache hapo hapo, usogeze visu na sufuria. Kunja kanga umwekee chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize mikono na miguu. Kijiko kisiingie mdomoni: ulimi haumezwi, bali meno huvunjika. Kumnusisha kiatu au kitunguu hakusaidii kitu. Mitikisiko ikikoma, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke, wala usimpe maji hadi azinduke vizuri. Kama amejikojolea, mfunike na uwaondoe watazamaji. Aibu anayoikuta akifumbua macho huumiza kuliko kuanguka kwenyewe.

Mkimbize hospitali ikiwa mitikisiko imepita dakika 5, imerudi kabla hajapata fahamu, ni mara yake ya kwanza, ameumia, au ni mjamzito. Mtoto mwenye homa akipata degedege, apimwe malaria siku hiyo hiyo; kumpitisha kwanza kwa mganga kunaweza kumgharimu maisha.

Kuna kifafa kisichomwangusha mtu. Mwanafunzi hukodoa macho sekunde chache, kisha huendelea kuandika asijue kilichopita, na wapo wanaochapwa kwa uzembe huo usiokuwapo. Mwalimu aandike saa na alichokiona. Nyumbani, ndugu mmoja arekodi kwa simu huku mwenzake akimhudumia mgonjwa. Daktari huona mengi humo.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa. Fenobabito, mojawapo ya dawa hizo, ni ya bei nafuu. Kinachoangusha tiba ni kukatisha: mgonjwa hupata nafuu akaacha, au vidonge humwishia. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mitikisiko isiyokoma, nayo huua. Rudi kliniki vidonge vya wiki nzima vikiwa bado vimebaki. Anayetaka kubeba mimba aongee na daktari mapema, kwani baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kukesha na pombe huchochea kifafa, kwa hiyo usingizi wa mgonjwa uheshimiwe. Jiko linyanyuliwe kutoka sakafuni, na mwingine aepue sufuria ya moto. Asiende kuvua wala kuogelea peke yake. Bafuni aogee kwa ndoo, na mlango usitiwe komeo.