"Siko mu politiki": kauli ya Minembwe na maana zake

Ukiwauliza watu sokoni Minembwe, kwa Kiswahili, kama wanafuatilia mambo ya nchi, wengi watakujibu: "Mimi siko mu politiki." Mtafiti mwenye haraka ataandika "hajali siasa" na kumwendea mwingine. Ninaona amekosea, na ushahidi umo katika kauli yenyewe.

Tuanze na "mu". Kiswahili cha mashariki ya Kongo hukitumia kiambishi hiki cha mahali pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema "katika". Politiki, basi, ni kama mahali: watu huingia mu politiki, hutoka mu politiki. Anayesema "siko mu" anakana kuwamo ndani. Hakani kusikia, wala kujua, wala kujali. Kwa hayo lugha ina vitenzi vyake, naye ameviacha.

Kisha neno lenyewe. "Siasa" ya kamusi ina maana ya mambo ya utawala, na pia ya kufanya jambo taratibu, kwa upole. "Politiki" yetu imetoka katika Kifaransa na haikuja na upole huo. "Hiyo ni politiki" maana yake ni ujanja, maneno ya kumzungusha mtu. Kwa hiyo msemaji anasema pia: mimi si mlaghai. (Maana hii ndiyo inayosahauliwa zaidi katika tafsiri za Kifaransa.)

Lakini jambo kubwa ni nani anaambiwa. Nyumbani watu huongea Kinyamulenge, Kibembe, Kifuliiru au Kinyindu. Kiswahili ni cha soko, cha kuongea na askari, na mtu wa kabila jingine, na mgeni mwenye daftari. Na kuna sababu ya kujihadhari mbele yao. Komini ya Minembwe iliundwa kwa dekreti mwaka 2013. Tarehe 28 Septemba 2020 meya wake alisimikwa. Siku chache baadaye, mwezi Oktoba, Rais Tshisekedi alitangaza akiwa Goma kwamba anaifuta. Wakati ule, kusema tu komini ni nzuri au mbaya kulitosha watu wakuhesabu upande fulani, na huku vijiji vya jamii zote vilikuwa vikichomwa na ng'ombe wakiporwa. Anayejibu "siko mu politiki" analinda nyumba yake.

Hata mijini China jambo hili linajulikana. Katika tamthilia ya Lao She ya mwaka 1957 kuhusu nyumba ya chai ya Beijing, ukutani pamebandikwa karatasi za kuwakataza wateja kuzungumza mambo ya serikali, na kadiri mchezo unavyoendelea maandishi yanazidi kuwa makubwa. Kama wateja wasingejali, karatasi zingekuwa za nini?

Uchovu upo, sikatai. Katika nchi nzima, waliopiga kura ya urais walikuwa takriban asilimia 70 katika duru ya kwanza ya 2006, na takriban 43 mwaka 2023. Lakini kukosa kwenda kupiga kura ni tendo moja, na kumjibu mgeni sokoni ni tendo jingine. Dodoso linaloyaweka katika safu moja halipimi lolote.

Wanafunzi wanaojiandaa kwenda Fizi wajaribu kuuliza kwa lugha ya nyumbani, wakiwa na mwenyeji, na waliache neno "politiki" kabisa. Waulize kuhusu njia ya kushuka Baraka: nani aliahidi kuitengeneza, lini, na pesa zilikwenda wapi. Wabebe daftari la pili.