Mizizi ya manjano: mbele ya kununua dawa, tuangalie vizuri



Katika musimu A, wakati wa kupalilia, mama mumoja alileta kwenye mkutano muhindi aliyoung'oa shambani kwake. Mizizi yake ilikuwa na rangi ya manjano. Akauliza: «Agronomu, huu si ugonjwa?» Mbele nijibu, baba wawili walikuwa wameanza kuhesabu franka za kununua dawa ya kuua kuvu kwa mashamba ya kikundi chote. Nikaomba tungoje kidogo.

Mzizi unaooza unajulikana: ni laini, una rangi ya kahawia ao nyeusi, ukiuvuta ngozi inachubuka, mara nyingi unanuka. Ule wa mama ulikuwa mgumu, mzima, na majani ya muhindi yalikuwa ya kijani safi. Kwa muhindi, manjano kama hiyo mara nyingi inaonyesha kwamba kuvu rafiki imeingia ndani ya mizizi. Kumbe tulikuwa karibu kulipa pesa ili tumfukuze mfanyakazi wetu.

Kuvu hiyo ni ndugu wa mbali wa uyoga, lakini haioti juu ya udongo. Ni nyuzi nyembamba sana, kama mara kumi kupita unywele. Zinatoka kwenye mzizi na kwenda sentimeta kadhaa mbali, mahali mzizi wenyewe haufiki. Kazi yao kubwa ni kuleta fosfori. Mukumbuke kwamba katika udongo mwekundu wenye uchachu, kama tunaouona Walungu, fosfori inashikwa na chuma na aluminiamu. Haitembei. Mzizi unamaliza ile iliyo karibu naye, kisha unabaki na njaa. Muhogo, wenye mizizi minene na michache, unategemea nyuzi hizo kupita mimea mingi.

Sasa ndani ya mzizi kunapita nini? Uzi unapenya ngozi, unapita katikati ya seli (zile nyumba ndogo ndogo zinazojenga mmea), halafu unaingia ndani ya seli moja. Lakini hautoboi ngozi laini ya ndani ya seli. Chukueni sashe iliyojaa hewa, sukumeni vidole kutoka nje bila kuipasua: sashe inajikunja na kuzunguka kila kidole. Ni vile vile. Uzi unajigawa matawi, na matawi yanajigawa tena, mpaka seli inajaa kitu kinachofanana na kamti kadogo, na kila tawi limevikwa ngozi ya mmea. Kwenye ngozi hiyo njo soko linapofanyika: kuvu inatoa fosfori, mmea unatoa sukari na mafuta. Mafuta hayo kuvu haiwezi kujitengenezea yenyewe. Na bei si ndogo: mmea unaweza kutoa mpaka sehemu 20 kwa 100 za chakula kinachotengenezwa na majani.

Kamti hako hakakai. Kanaishi siku chache tu, mara nyingi hakafiki juma mbili. Kisha matawi yanasinyaa, yanajikusanya kuwa bonge, na mmea unalimeng'enya. Seli yenyewe haifi. Inaweza kupokea kamti kengine. Mtaalamu mumoja, Janse, aliyechunguza mizizi huko Java, aliona mabonge hayo na mwaka 1897 akayapa jina kama kiungo cha pekee cha kuvu. Ni Gallaud, Mfaransa, mwaka 1905, aliyeonyesha kwamba ni vile vimti vilivyovunjika.

Mwenye kuvunja ni nani? Kwa sehemu kubwa ni mmea. Watafiti walichukua mmea wa jamii ya maharagi usio na mlango wa kupokelea fosfori ndani ya seli. Vimti viliingia, lakini vikavunjwa mapema. Ni kama mwenye duka anayefunga hesabu ya mtu asiyeleta bidhaa. Kwa maoni yangu, hapa njo tunapaswa kuelewa shamba letu: kwa sababu kila kamti kanavunjika kisha siku chache, kuvu inapaswa kuingia kila mara katika mizizi mipya iliyo hai. Ikikosa mizizi hai kwa muda mrefu, inapungua.

Kwa hiyo kuchoma shamba na kuliacha uchi miezi mingi ni hasara ambayo hatuioni kwa macho. Kulima kwa kina na kugeuzageuza udongo kunakata nyuzi. Shu na lengalenga hazipokei kuvu hiyo, sisemi tusizilime (nani atakula fufu kavu?), lakini tusizirudishe musimu kwa musimu mahali pale pale. Kisha shu, maharagi pamoja na muhindi yatasaidia kuvu kurudi mbele ya muhogo.

Na mbolea ya kiwanda? Mmea uliopewa DAP nyingi unashiba fosfori na kufungia kuvu mlango. Lakini musinisikie vibaya: kuvu haitengenezi fosfori, inaitafuta tu. Udongo uliochoka kabisa unahitaji kulishwa. Samadi ao mboji, pamoja na mbolea kidogo kwenye shimo, inafaa kuliko kumwaga DAP mahali pote.

Kuhusu pepinieri ya kahawa: udongo wa chini peke yake, ule wa kuchimbwa kwa kina, una kuvu kidogo sana. Changanyeni na udongo wa juu kutoka mahali penye miti yenye afya. Musiutoe kamwe mahali ambapo kahawa ilinyauka na kufa, mungebeba ugonjwa pamoja na rafiki. Nao wanaouza kuvu ndani ya mifuko: koperative isitoe pesa mbele ya kujaribu kwenye mistari michache, na mistari mingine bila kitu kando yake.

Katika mkutano unaokuja tutaangalia mizizi pamoja. Ileteni ikiwa bado ndani ya bonge la udongo wake, imefunikwa kwa jani la ndizi, maana kwenye mwangaza manjano inapotea upesi.