Seli Inajua Kusimama

Wengi wetu tulikariri profesi, metafesi, anafesi na telofesi kwa ajili ya mtihani, basi. Kumbe kugawanyika kwenyewe huchukua kama saa 1 tu kati ya saa 24 za seli ya binadamu inayokuzwa maabarani. Muda uliobaki ni intafesi: seli inakua, inanakili DNA, inajikagua.

Kwenye ukaguzi ndipo utamu ulipo. DNA ikiharibika, protini iitwayo p53 huwasha jeni ya p21, na p21 huzibana protini zinazoisukuma seli mbele. Seli inasimama, inajirekebisha. Uharibifu ukizidi, p53 huiamuru ijiue. Ndiyo, ijiue, ili wewe upone. Katika karibu nusu ya saratani za binadamu, jeni ya p53 yenyewe ndiyo iliyoharibika. Sisi tunazo nakala 2. Tembo wa Afrika ana kama 40, na saratani humpata kwa nadra pamoja na ukubwa wote ule.

Sasa wewe unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, usianze na mchoro wa hatua 4. Waulize kwanza: kidonda kikipona, nani anaiambia ngozi iache kukua? Waache wabishane kidogo, ndipo uwaambie kwamba seli zikishagusana pande zote hupeana ishara ya kutulia. Zile hatua 4 watazikuta kitabuni.