Umeuza okidi? Mpe mteja na ratiba ya mbolea

Somo la leo ni la mnaouza maua mtandaoni, hasa okidi. Mimi nipo Horohoro, mizigo yangu inapanda basi kwenda Tanga mjini na Dar. Lalamiko ninalolipata zaidi halihusu usafiri. Ni hili: "Dada, ua lako linaungua majani." Nikiuliza mbolea anaweka mara ngapi, jibu ni "kidogo kidogo kila siku", au "nimeweka urea ya mahindi".

Piga hesabu. Tuseme mche umeununua 25,000, ukauuza 35,000. Ukimbadilishia mteja mmoja, unatoa 25,000 nyingine. Hiyo ni faida ya miche miwili na nusu imekwenda, nauli ya basi bado.

KWA NINI INAUNGUA?
Okidi nyingi tunazouza, asili yake ni kukaa juu ya miti. Mizizi inashika gamba la mti na kunywa maji ya mvua yenye chakula kidogo sana. Mbolea ikizidi inaacha chumvi, na chumvi inachoma mizizi. Dalili: ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na utando mweupe unatokea kwenye chungu. Na huku kwetu pwani visima vingi maji yake yana chumvi, kwa hiyo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ukiweza, kinga maji ya mvua.

KIPIMO
Tumia NPK ya kuyeyusha kwenye maji, 20-20-20 au 19-19-19, ipo maduka ya pembejeo. Kwa dumu la lita 5:
- Anayeweka kila wiki: robo kijiko cha chai.
- Anayeweka kila wiki 2: nusu kijiko cha chai.

MARA NGAPI?
1. Phalaenopsis (majani mapana, maua kama kipepeo): kila wiki 2. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mara moja kwa mwezi inatosha.
2. Vanda (mizizi inaning'inia hewani): hii ndo inakula sana. Kila wiki, nyunyizia mizizi yenyewe. Wakati wa baridi, kila wiki 2.
3. Dendrobium (ina vishina kama miwa myembamba): kila wiki 2 chipukizi likiwa linakua. Kishina kikikomaa, punguza iwe mara moja kwa mwezi. Ikiangusha majani yote, acha kabisa mpaka chipukizi jipya litoke.
4. Ansellia africana, okidi yetu ya Afrika yenye madoa kama chui: kila wiki 2 inapochipua wakati wa mvua. Kiangazi ikitulia, acha.

SHERIA TATU KWA ZOTE
- Mwagilia maji matupu kwanza, ndipo uweke mbolea. Mizizi mikavu inaungua haraka.
- Mara moja kwa mwezi, pitisha maji mengi matupu kwenye chungu ili yasafishe chumvi.
- Mche uliotoka kwenye basi, au uliobadilishiwa chungu, usipewe mbolea wiki 2 hadi 3. Acha utulie kwanza.

SASA UPANDE WA BIASHARA
Andika kikadi, kifunge kwenye mche kabla hujaupakia. Changu kinasema hivi: "Mimi ni Vanda. Maji kwanza, mbolea baadaye. Robo kijiko kwa lita 5, kila wiki. Wiki 3 za mwanzo nipe maji tu." Kipige picha pamoja na mche, umtumie mteja WhatsApp siku hiyohiyo. Akirudi na lalamiko, mnaanzia kwenye kikadi, sio kwenye ugomvi.

Na kwa sisi wa mpakani: mteja wa Lunga Lunga au Mombasa akitaka mche, usiupitishe kimyakimya. Mimea inayovuka inahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwetu kinatolewa na TPHPA. Tena okidi zote zimo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo ulizia vibali kabla hujapokea hela. Na usiuze iliyong'olewa msituni, uza ya kitaluni.

Wewe unauza aina gani? Niandikie hapo chini na mche wako una dalili gani, tusaidiane. Mtumie na mwenzako anayeuza maua.