Dondoo muhimu: Kubuni vita vya mezani vya mazimwi na wachawi

Sanamu kumi kila upande zinatosha. Zikikosekana, vizibo vya soda vitapigana vilevile. Kila askari apewe namba tatu tu: mwendo, shambulio na uhai. Kwenye dadu ya pande sita, anayehitaji 4 kwenda juu hupiga nusu ya mara. Anayehitaji 5, theluthi. Zimwi lako lipimwe kwa hesabu hiyo, si kwa ukubwa wa meno yake.

Uchawi uje mwisho. Hata mchezo wa vita vya mezani wa *Chainmail* wa mwaka 1971 ulianza na sheria za vita vya kawaida, majoka yakaja kama nyongeza.

Kisha chezeni mara kadhaa mkibadilishana majeshi. Jeshi lilelile likizidi kushinda, lipunguzieni askari, hata kama mwenyewe atanuna.